Karanga za kusaga: kwa nini niliacha kusifia unga wa lishe wa nafaka tisa

Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala mbolea ya kukuzia. Naandika kuhusu uji wa mtoto. Kama unalima mahindi au ulezi, unauza karanga, au una mashine ya kusaga, basi mada hii inakuhusu, hata kama huna mtoto mdogo nyumbani.

Ukipita nami soko la Pasua siku yoyote utasikia swali hili: "Bwana shamba, unga wa lishe mzuri ni wa nafaka ngapi?" Kwa miaka miwili jibu langu lilikuwa moja: tisa. Nililitoa kwa kujiamini, kifua mbele. Kikundi cha akina mama nilichokuwa nakilea hapa mtaani kilitengeneza unga wa mahindi, ulezi, mchele, ngano, mtama, uwele, soya, karanga na mbegu za maboga. Tuliziita nafaka tisa, ingawa wewe na mimi tunajua soya na karanga si nafaka. Biashara ni biashara, na "nafaka tisa" ilisomeka vizuri kwenye lebo. Tulifungasha kilo moja moja, tukauza Pasua, Njoro, Kaloleni mpaka Mbuyuni. Kwenye mafunzo nilikuwa nasimama mbele na kusema kwamba mtoto akila unga huu hawezi kudumaa.

Mwanangu wa pili alipotimiza miezi sita nilibeba kilo mbili nyumbani. Ningemlisha nini kingine, wakati mwenye unga ni mimi?

Kliniki ya watoto alikuwa anaenda na mama yake. Mimi nilikuwa baba wa kuuliza jioni, "Amechanjwa?" na kuishia hapo. Mtoto alipofikisha miezi kumi na moja, mama yake alibanwa na kazi, nikaenda mimi. Nesi alimpima, akaandika kilo 7.9, akachora nukta kwenye kadi. Halafu akanyamaza, akanigeuzia kadi niione.

Kwa wasioijua vizuri kadi ile: ina rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Nukta ya mwanangu ilikuwa bado kwenye kijani, na hapo ndipo wazazi wengi tunapofunga kadi na kuondoka. Lakini nesi alinionyesha mstari, hakujali rangi. Miezi saba alikuwa na kilo 7.6. Miezi minne baadaye ameongeza gramu mia tatu tu. Mstari uliokuwa unapanda ulikuwa umelala kama barabara ya kwenda Chekereni. "Baba," aliniambia, "usisubiri ifike kwenye kijivu. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, kuna kitu."

Aliuliza kama mtoto aliugua. Hapana, mafua ya kawaida tu. Ananyonya? Ndiyo, usiku na asubuhi. Anakula nini? Hapo nikatabasamu, nikataja unga wetu, zote tisa, moja baada ya nyingine. Hakushtuka. Akauliza maswali matatu. Uji unapikwa mzito kiasi gani? Anakula mara ngapi kwa siku? Na hizo karanga mmezitoa wapi?

La kwanza na la pili sikuwa na jibu, kwa sababu sijawahi kupika uji ule hata siku moja. Jibu la tatu nilikuwa nalo, nikaona aibu kulitoa.

Niruhusu nianze na yale mawili. Jumamosi nilikaa jikoni na binti anayetusaidia kazi. Anampenda mtoto, wala simlaumu kwa lolote. Alipika uji, akauchuja, akauweka kwenye chupa ya kunyonyea iliyopanuliwa tundu kwa sindano ya moto. Uji wa kupita kwenye chuchu ya chupa lazima uwe mwepesi kama chai ya maziwa. Nilipima unga alioweka: vijiko viwili vya chakula kwa karibu nusu lita ya maji. Na kilichobaki kwenye chujio, zile chembechembe za soya, karanga na mbegu za maboga tulizozisifia kwenye lebo, alizimwagia kuku. Kuku wetu walikuwa na afya njema sana mwaka ule.

Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Ukilijaza maji yenye rangi ya uji, linajaa, analala, unadhani ameshiba. Chakula cha umri ule kinatakiwa kitulie kwenye kijiko, kisidondoke ukikiinamisha kidogo. Na kuanzia miezi tisa ale mara tatu hadi nne kwa siku, na kitu cha kutafuna katikati, juu ya maziwa ya mama. Wangu alikuwa anapata chupa mbili.

Sasa karanga.

Wewe unayeuza karanga unajua jinsi gunia linavyochambuliwa. Nzuri, nene, zenye ngozi nyekundu inayong'aa, zinakwenda kwa wakaanga karanga na kwa wateja wa rejareja. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa meusi au ukungu wa kijani hazitupwi. Zinawekwa pembeni kwenye ndoo, na zina jina: karanga za kusaga. Mwaka ule kilo ya nzuri ilikuwa shilingi 3,800, ya kusaga 1,600. Kikundi kilipolalamika kwamba gharama imepanda na faida haionekani, ni mimi, afisa ugani mwenye diploma ya kilimo, niliyewaambia wanunue za kusaga. Maneno yangu nayakumbuka: "Zikishasagwa, nani atajua?"

Ona mzunguko wenyewe ulivyo. Mtu mzima anayenunua karanga za mia tano kwenye kikaratasi anapata zilizochaguliwa. Akikutana na moja chungu anaitema. Zilizokataliwa zinaingia kwenye mashine, zinatoka unga, zinakwenda kwa mtoto wa miezi saba asiyeweza kutema wala kusema uji ni mchungu. Kadiri tunavyochambua vizuri kwa ajili ya mkubwa ndivyo tunavyomrundikia mdogo uchafu.

Kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi wanaacha sumu. Serikali inaiita sumukuvu, na umeisikia redioni. Zipo za aina mbili zinazotuhusu zaidi. Aflatoksini inapatikana kwenye karanga na kwenye mahindi, hasa yaliyopata ukame shambani au kuwekwa ghalani yakiwa na unyevu. Fumonisini inaanzia zaidi kwenye mahindi yakiwa bado shambani. Kuchemsha hakuziondoi, kukaanga hakuzimalizi. Mwaka 2016 aflatoksini iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yao wenyewe. Lakini hiyo ni dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku haina kelele, na ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Ushahidi uko mlimani kwetu hapa hapa. Watafiti wakiongozwa na Mtanzania, Martin Kimanya, waliwafuatilia watoto wachanga wa Tarakea, Rombo, ambako uji wa mahindi ndio chakula cha kumwanzishia mtoto. Walipima mahindi ya kila nyumba, wakapima watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Watoto waliokuwa wanapata fumonisini kupita kiwango kinachokubalika walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3, na wepesi kwa gramu 328, wakilinganishwa na wenzao waliopata chini ya kiwango. Gramu 328! Nilikuwa nimetoka kuona mwanangu ameongeza 300 kwa miezi minne.

Sitakudanganya kwamba karanga ndizo zilizolaza mstari wa mwanangu. Nadhani uji mwepesi ulichangia zaidi. Utafiti wa Tarakea nao unaonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja, haujathibitisha kwamba kimoja kimesababisha kingine. Lakini baadaye, huko huko Rombo, walifanya jaribio kamili. Baadhi ya vijiji vilifundishwa, vingine viliendelea kama kawaida ili walinganishe. Mafunzo yenyewe hayakuwa ya roketi: kuchambua mahindi kwa mkono, kuanika juu ya turubai au jamvi badala ya chini, kuweka dawa ya kuhifadhia dhidi ya wadudu, na kukoboa kabla ya kusaga. Sumu ilipungua kwenye mahindi, na ikapungua kwenye chakula cha watoto. Mambo manne ambayo mimi mwenyewe nayafundisha kila msimu kwa ajili ya bei ya gunia, sikuwahi kuyafundisha kwa ajili ya uji.

Niliita kikao cha kikundi. Stoo kulikuwa na kilo 62 za unga tayari kwenye mifuko, na ndoo mbili za karanga za kusaga. Nilimwaga karanga kwenye ungo mbele ya akina mama, nikawaomba kila mmoja achague ambazo angempa mjukuu wake azitafune. Walichagua kimyakimya. Ungo ulibaki zaidi ya nusu.

Kimya hakikudumu. Mwenyekiti, mama mtu mzima ambaye huwa namwamkia shikamoo kabla sijavua kofia, alisema, "Bwana shamba, ni wewe uliyetuambia tununue hizi." Nikasema ndiyo mama, ni mimi, na nilikosea. Mwingine akauliza nani atalipa. Mwingine akasema ukienda na hadithi hizi sokoni umetuua, hakuna atakayenunua tena, wala unga mzuri hautanunuliwa. Alikuwa na haki ya kuogopa. Kuna mama pale alikuwa ametoa pesa ya ada ya mtoto kununulia mzigo.

Hatukuwa na uwezo wa kupeleka unga maabara. Kiwango cha Tanzania cha aflatoksini kwenye mahindi na karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo, na hiyo huioni kwa macho wala huisikii kwa ulimi. Unga safi kwa macho unaweza kuwa mbaya. Hivyo tuliamua kwa kuangalia malighafi tu. Tukipiga kura, wengi walisema hauuzwi. Mmoja akapendekeza tuwape kuku, mwingine ng'ombe wa maziwa. Hapana. Kuku na bata huumizwa sana na aflatoksini, na ng'ombe akila, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa, halafu maziwa tunampa nani? Tulichimba shimo nyuma ya stoo, tukachanganya na samadi, tukafukia. Nusu ya hasara nililipa mimi, kwa miezi mitatu, na nyumbani tulilisikia hilo. Nusu walibeba wao. Akina mama wawili walijitoa. Mmoja mpaka leo tukikutana anasalimia kwa kifupi.

Baada ya hapo ndipo niliposoma vizuri majaribio ya vyakula vya watoto yaliyofanyika nchini kwetu. Nilikuta mengi ya kunipunguzia kiburi.

Chukua kimea. Wachaga tunajua kimea cha ulezi kuliko mtu yeyote, maana bila kimea hakuna mbege. Baada ya mkasa wetu, bibi mmoja wa kutoka Kibosho alikuja na wazo kwamba tuoteshe ulezi, tuuandike "unga wa kimea", tuuze kwa bei ya juu. Wazo lina akili ndani yake. Ulezi ulioota unalegeza uji, kwa hiyo unaweza kuongeza unga mwingi bila uji kuwa kama ugali, na vile vitu vinavyozuia madini ya chuma kuingia mwilini vinapungua. Lakini Kilosa, Morogoro, mtafiti Peter Mamiro wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walilijaribu jambo hilo. Watoto zaidi ya 300 walilishwa kuanzia miezi sita hadi kumi na miwili. Kundi moja lilipata mchanganyiko wa ulezi, maharage, karanga na embe ulioandaliwa kwa kuotesha na kupika kitaalamu. Kundi la pili lilipata vitu vile vile, bila maandalizi hayo. Matokeo ya mwaka 2004: hakuna tofauti ya maana, si kwenye kukua wala kwenye damu. Kwa hiyo nilimwambia bibi, kimea kama unacho tia, ni kizuri, ila tusimtoze mama mwenzako shilingi elfu moja ya ziada kwa neno lililo kwenye lebo.

Au chukua soya, ambayo tulikuwa tunaifuata kwa bei kubwa tukidhani bila soya hakuna lishe. Mwaka 2016 Kanda ya Ziwa, watoto wapatao 2,000 walipewa unga ulioongezwa virutubishi kwa wiki 20. Wengine wa mahindi na soya, wengine wa mtama na kunde. Mtama na kunde ulifanya kazi sawa na mahindi na soya kwenye chuma, vitamini A, uzito na kimo. Mkulima wa tambarare unayelima mtama na kunde kwa sababu mvua haikutoshi kwa kitu kingine, usijione unalima chakula cha unyonge.

La mwisho ni zito zaidi, na nalielekeza kwa wafanyabiashara. Miezi michache iliyopita muuzaji mmoja wa unga aliniita pembeni. Alikuwa na wazo la kupata vile vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, avisage, achanganye kwenye unga wa watoto, aandike "umeongezwa madini ya chuma". Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia, na ni kweli, kwamba watoto wetu wengi wana upungufu wa damu.

Nilimsimulia habari za Pemba. Kuliendeshwa jaribio kubwa kisiwani humo, watoto zaidi ya 20,000 wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35. Baadhi walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa kipimo kilichopangwa na wataalamu, chini ya usimamizi. Agosti 2003 ilibidi wasimamishe kuwapa chuma. Waliokuwa wanapata chuma walikuwa wanaugua sana, wanalazwa na kufariki kuliko ambao hawakupewa. Pemba wakati ule malaria ilikuwa kali, na chuma cha ghafla kwa mtoto asiyekihitaji, katikati ya malaria, kinaweza kumgeuka. Wale waliokuwa na upungufu wa kweli walionekana kunufaika. Ripoti ilitoka mwaka 2006, na tangu hapo ushauri wa kimataifa ni kwamba penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria.

Sisi Pasua tumepakana na mashamba ya mpunga ya Mabogini. Mbu wetu unawajua. Basi fikiria wewe unakadiria chuma kwa kijiko cha chai, kwenye sufuria, bila kujua mtoto yupi ana upungufu na yupi ana malaria. Chuma kilichochanganywa kwa kipimo sahihi ndani ya chakula ni kitu kingine. Kiwango chake ni kidogo, na mchanganyiko wa virutubishi unawekwa na mashine maalumu inayofungwa kwenye kinu, inayodondosha kiasi kile kile kwa kila kilo. Siku hizi zipo mashine za namna hiyo hata kwa visagishi vidogo. Kama una kinu na unataka kuongeza virutubishi, anza kwa SIDO na TBS, na uje nikusindikize. Usianzie duka la dawa. Yule muuzaji aliacha. Alinung'unika, lakini aliacha.

Basi sasa kikundi kinafanya nini? Tumerudi kwenye vitu vichache. Nafaka moja, mahindi yaliyokobolewa au ulezi, vikombe vitatu. Maharage kikombe kimoja, yaliyochemshwa kidogo, yakakaushwa na kukaangwa kabla ya kusagwa. Ukitumia soya, usiisage mbichi hata kidogo. Ichemshe kwanza nusu saa, maana soya mbichi inazuia protini kuyeyushwa tumboni. Karanga tumeziondoa kwenye unga kabisa. Tunauza pembeni kwenye kifuko kidogo, nzima, zilizochaguliwa, ili mama azione kwa macho yake kabla hajazitwanga. Unga wenye karanga ndani hauchukui muda kuchacha, wiki chache tu za joto la Moshi. Dagaa vilevile: wasage kidogo kidogo nyumbani, utie wakati wa kupika.

Na mahindi kabla hatujanunua tunayapima kwa chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka mahindi hadi robo, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu, mrudishie mwenyewe ayaanike. Wakulima wawili wa Mabogini walikasirika tuliporudisha magunia yao. Msimu uliofuata walikuja na turubai.

Bei imepanda, siwezi kuficha. Tulikuwa tunauza kilo shilingi 3,500, sasa 4,200, wakati jirani anauza nafaka kumi na mbili kwa 3,000. Kuna wiki mzigo unalala. Kinachotusaidia ni kwamba mwenyekiti, yule yule aliyenibana kikaoni, anauza kwa kupika. Siku za soko anaweka jiko mbele ya meza, anapika uji, anauchota kwa kijiko na kukiinamisha mbele ya mama wa mtoto. Usipodondoka ndio anakuuzia. Halafu anamwambia kitu ambacho mimi kama muuzaji singethubutu kusema: kama pesa ni ya unga au ya mayai, nunua mayai, mahindi unayo nyumbani. Mtori wa ndizi zilizopondwa vizuri na nyama, kipande cha parachichi, yai, maziwa, mchicha uliokatwa mwembamba, vyote hivyo viko kwenye kihamba au sokoni Pasua kwa bei ya siku. Unga wetu ni wa kuongezea.

Wenye karanga nao wamenijia. Mmoja aliniuliza, sasa zile za pembeni nizipeleke wapi, nizitupe na hela yangu? Ni swali halali, na jibu langu halimfurahishi. Zilizovunjika lakini safi, ziuze kama zilivyo na useme zimevunjika. Zenye ukungu, zilizosinyaa, zenye madoa, fukia. Ukitaka ziwe chache, rudi kwa anayekulimia: avune kwa wakati, ageuze mashina ili maganda yaangalie juu yakauke, asiloweshe maganda ili yawe laini kubangua. Hilo la kulowesha ndilo baya kuliko yote, na wengi mnalifanya. Nitakuja nalo peke yake siku nyingine, na picha.

Mwanangu sasa ana mwaka na miezi minane. Mwezi uliopita nilimpeleka mimi tena, siku hizi zamu ni yangu. Nesi alipima, akachora, akanigeuzia kadi bila kusema kitu. Mstari unapanda, si kwa kasi ya kujivunia, lakini unapanda. Chupa ya kunyonyea tuliitupa. Anakula kwa kijiko, na nusu anampa kuku aliye karibu.